Jemadari Aliyekataa Mara Mbili

Gari la mbele lilishaanza kwenda. Mtawala wa Ping, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa ameinama vumbini na joho lake la hariri, mikono yote miwili imeshika gurudumu, analisukuma kama desturi inavyotaka jemadari anapoagwa. Alisukuma hatua tatu, akanyoosha mgongo, akapaza sauti ili mji mzima usikie:

"Ndani ya lango hili natawala mimi. Nje ya lango, neno ni la jemadari!"

Ngoma zikalia. Watu juu ya ukuta wakapiga kelele mpaka njiwa wakaruka.

Dou Heng alikuwa kwenye gari la pili, na gari la pili halisukumwi na mtu. Alikaa pale anakula vumbi la mwenzake huku akiitazama ile mikono ya mtawala, kama mume anavyomtazama mkewe akimpakulia mgeni mnofu uliokuwa umewekwa kwa ajili yake. Tangu ana miaka kumi na tisa alikuwa akililia lile gurudumu. Sasa alikuwa na hamsini na mbili, na lilikuwa likizunguka mbele ya macho yake kwa ajili ya mtu mwingine.

Na mtu mwenyewe nani? Fei Tong! Msimamizi wa kuta, mshindilia udongo, mwana wa mshindilia udongo. Alikuwa amesimama juu ya gari amevaa deraya ya kuazima iliyombana makwapani, anawapungia watu mkono kama anayekwenda harusini. Hata upanga alikuwa ameufunga upande usio wake.

Lililomkereketa Dou Heng kuliko yote ni kwamba aliyemweka Fei Tong juu ya lile gari ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mambo yalikwenda hivi. Habari zilikuwa zimefika kwamba majeshi ya magharibi yanajikusanya, na njia ya kuingilia Ping kutoka magharibi ni moja tu: kipito cha Taya, mahali milima miwili inapokaribiana mpaka magari mawili hayawezi kupishana. Anayeshika Taya ameshika nchi. Jemadari wa pale alikuwa amekufa kwa homa, na Dou Heng alikuwa makamu wake kwa miaka kumi na moja. Kila jiwe la kule alilijua. Barazani hakukuwa na mtu aliyejiuliza nani atapewa.

Mtawala akamwita mbele, akamwambia: "Dou Heng, nenda ukashike Taya."

Sasa, watu wa Ping wana adabu yao. Ukipewa jambo kubwa, hulipokei kama mtoto anayepewa andazi. Unakataa mara tatu. Mara ya kwanza unasema hufai. Mara ya pili unamtaja mtu mwingine, na kadiri unavyomtaja mtu wa chini ndivyo unyenyekevu wako unavyong'ara. Mara ya tatu unalia kidogo, unagusa sakafu kwa paji la uso, halafu unapokea. Hata watoto wachungaji wanaujua mchezo huo.

Dou Heng akapiga magoti. "Mtukufu, mimi ni gogo la mti mkavu. Sifai."

"Unafaa," akasema mtawala. "Nenda."

"Mtukufu, katika nchi hii wako wanaonishinda. Hata Fei Tong wa kuta ananishinda."

Mawaziri wakauma mikono ya majoho yao wasicheke. Ilikuwa imekaa vizuri sana. Dou Heng mwenyewe aliisikia ilivyokaa vizuri, akaanza kuyaandaa machozi ya mara ya tatu.

Lakini yule kijana alikuwa amekulia ugenini. Baba yake alimpeleka nchi ya pwani awe rehani ya amani angali na miaka sita, akarudi ana miaka ishirini na miwili, baba ameshazikwa. Kule pwani mtu akisema sifai, huwa hafai. Akimtaja mwingine, huwa anamtaka huyo mwingine.

"Vema," akasema mtawala. "Nashukuru kwa ukweli wako. Fei Tong aitwe."

Fei Tong aliletwa miguu ina udongo mpaka magotini. Akaambiwa. Na yeye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa jambo kubwa, hakujua kama linakataliwa. Alidhani kumkatalia mtawala ni kosa la kuchapwa viboko.

"Naam," akasema. "Nitakwenda. Kuna udongo mwekundu kule, au mweusi?"

Karani alikuwa ameshachovya kalamu. Kwa sheria ya Ping, anayemtaja mtu mbele ya mtawala amemdhamini. Mtu huyo akiharibu, wanakatwa vichwa wote wawili. Mdhamini anaweza kuliondoa neno lake kabla mambo hayajaharibika; yakishaharibika, amechelewa. Jina la Dou Heng likaandikwa kwenye kipande cha mwanzi, chini ya jina la Fei Tong, wino ukakauka. Kisha, kwa kuwa anakujua Taya, akarudishwa kule kule, makamu kama zamani.

Nyumbani mkewe, Bibi Ji, alimsikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage.

"Nani alikutuma uwe mnyenyekevu?" akauliza.

"Ni adabu, mama."

"Adabu! Mtu ana njaa miaka thelathini, siku anayoletewa sahani anasema mpeni jirani. Na jirani kala."

Dou Heng akaenda kufunga mizigo.

Walifika Taya siku ya nane. Dou Heng alikuwa amejiahidi jambo moja njiani: askari wake watamcheka huyu fundi udongo mpaka akimbie. Wale ni watu elfu nne aliowalea mwenyewe. Aliwafundisha kuvuta upinde, aliwachapa, aliwazika waliokufa. Walimwogopa, na siku zote alikuwa ameona hofu hiyo inatosha kuwa mapenzi.

Siku ya kwanza walimcheka kweli. Fei Tong hakwenda kukagua silaha. Alikwenda kulamba ukuta. Alichokonoa udongo kwa kidole, akautia mdomoni, akautema, akasema: "Huu uliwekwa wakati wa mvua. Mvivu gani aliusimamia?" Askari wakavunjika mbavu. Siku ya pili akavua deraya, akashika nguzo ya kushindilia, akaanza wimbo wa washindiliaji, ule wenye maneno ambayo huwezi kuyasema mbele ya mama mkwe. Siku ya tatu askari mia nne walikuwa wanaitikia. Siku ya kumi Dou Heng alipita karibu na jikoni akasikia mpishi, Mzee Qiao, aliyemjua tangu ujana, anauimba ule wimbo huku anakoroga uji wa mawele.

"Hata wewe, mzee?"

"Unaingia kichwani, bwana mkubwa," akasema Mzee Qiao. "Leo amekula hapa. Amekaa kwenye lile gunia. Kaniambia vitunguu vyangu vimeungua."

"Ukamfanya nini?"

"Ningemfanya nini? Vilikuwa vimeungua kweli." Mzee akampakulia bakuli. "Miaka kumi na moja wewe hujaniambia kitu juu ya chakula changu. Nikadhani ni kitamu."

Dou Heng akaliacha bakuli pale pale.

Lakini la kijito ndilo lililomchoma hasa. Ndani ya kipito, nyuma ya ukuta, kulikuwa na kijito kinachotoka mlimani, kinapita chini ya ukuta kwa tundu, kinateremka hadi bonde la magharibi. Dou Heng alinawa uso kwenye kijito kile kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Fei Tong alikitazama mara moja, akatembea nacho juu na chini, akauliza:

"Kaka Dou, jeshi likija litapiga kambi wapi?"

"Bondeni. Hakuna pengine."

"Na litakunywa nini?"

Dou Heng akageuka kutazama magharibi. Mto uliobaki ulikuwa mwendo wa nusu siku kutoka bondeni.

"Basi tukizibe," akasema Fei Tong kwa furaha, kama mtu aliyeokota kofia njiani. "Tutashindilia bwawa hapa na hapa. Sisi tutakunywa, wao watalamba mawe."

Dou Heng alikwenda kusimama peke yake nyuma ya ghala la mishale. Alitafuta kosa katika shauri lile. Alilitafuta asubuhi nzima, kwa uchungu, kama mtu anayetafuta chawa kwenye nguo ya adui, na hakulipata.

Watu wa magharibi walikuja mwanzoni mwa kiangazi, elfu kumi na tano. Wakapiga kambi bondeni. Wakaushambulia ukuta mara tatu, na ukuta mpya haukubomoka hata pa kuingiza ngumi. Baada ya wiki mbili farasi wao walianza kuanguka. Kila siku theluthi ya jeshi ilikuwa inakwenda mtoni na kurudi na viriba. Njia pekee iliyowabakia ilikuwa kuwatoa watu wa Taya nje, kwa hiyo wakaanza matusi. Walimfunga kobe kwenye mti mrefu, wakamsogeza karibu na ukuta, wakapiga kelele: "Fei Tong! Ndugu yako huyu! Nawe toa kichwa!"

Fei Tong akachungulia. "Mnono huyo!" akawajibu. "Mna kobe na hamna maji ya kumchemshia? Poleni!"

Ukuta mzima ukacheka. Dou Heng alijikuta naye anataka kucheka, akajichukia.

Siku ya ishirini na sita tangu adui apige kambi akafika mjumbe wa mtawala, afisa wa ikulu aitwaye Shen, mtu msafi asiyependa vumbi. Hakwenda kwa Fei Tong kwanza. Alimwita Dou Heng kwenye hema lake.

"Bwana Dou, mjini watu wananung'unika," akasema. "Jemadari ana watu elfu nne, adui anakufa kiu, na jemadari amekaa. Mtawala anamuuliza mdhamini: neno lako juu ya mtu huyu liko pale pale, au unaliondoa?"

Dou Heng alijua jibu la kweli. Angekuwa yeye jemadari, angekaa vile vile. Siku kumi na tano nyingine, ishirini kwa wingi, na wale watu wangefunga virago bila Taya kupoteza hata kidole.

Na baada ya hapo? Aliyaona yote. Fei Tong anarudi mjini, watu juu ya ukuta, njiwa wanaruka. Fei Tong anapewa wilaya. Watoto wanaimba wimbo wa kushindilia. Na Dou Heng anatajwa mwishoni, kwamba ndiye aliyemtaja. Kwamba alikuwa na jicho la kuona watu.

"Naliondoa," akasema.

"Kwa sababu gani? Lazima niandike."

"Ana nguvu ya kutoka na hatoki. Anaogopa."

Shen akaandika. "Na badala yake unamtaja nani?"

Safari hii Dou Heng hakungoja. "Mimi."

Shen akainua macho, kisha akaandika hilo pia. Aliondoka asubuhi ile ile kwa farasi wa kupokezana, siku sita kwenda, siku sita kurudi.

Siku kumi na mbili zile zilikuwa ndefu kuliko miaka kumi na moja. Kila kukicha Dou Heng alipanda ukutani, na kila kukicha bonde lilikuwa na mahema machache zaidi. Siku ya nne aliona watu wa magharibi wanapigana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya kiriba. Siku ya saba walikuwa wanachinja farasi wa magari. Badala ya kufurahi, alihesabu kwa vidole siku zilizobaki Shen arudi. Nendeni polepole, aliwaambia kimoyomoyo, yeye mtetezi wa Taya akiwaombea adui zake uvumilivu. Kaeni kidogo. Msiondoke kwa mkono wa yule.

Siku ya tisa Fei Tong alimkuta pale juu, akakaa kando yake, miguu inaning'inia. Alikuwa na figili mbili zilizokaushwa kwa chumvi. Akampa moja.

"Kaka Dou, nikuulize jambo bila kukasirika?"

"Uliza."

"Siku ile barazani ulinitaja kwa mzaha, eh?"

Dou Heng akaing'ata figili.

"Mke wangu ndiye aliyenieleza baadaye," akasema Fei Tong. "Kaniambia, wewe baba Fei, umekula chakula cha mtu. Ulitakiwa ukatae! Nikataka kurudi kwa mtawala, nimwambie sikujua. Nikaona nitakuaibisha wewe zaidi." Akacheka, kisha akaacha. "Nilifikiri hivi: tukimaliza hapa, nitasema ukweli. Nitasema makamu ndiye aliyenionyesha bonde, mimi nilileta udongo tu. Apewe yeye Taya. Mimi nina bomba la maji kusini mwa mji limeanza kuvuja, hakuna anayelijua ila mimi."

Angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa mdomoni: ndugu yangu, nimeshakuuza, tuma mtu leo amkute Shen njiani anarudi na waraka, amgeuze. Farasi mzuri angemkuta katikati ya njia. Aliitazama ile mikono ya Fei Tong, minene, yenye nyufa, iliyokuwa tayari kumpa kama sadaka kitu alichokitaka maisha yake yote. Kupewa na huyu! Asimame mbele ya baraza apokee Taya kutoka kwenye mikono hii!

"Figili ina chumvi sana," akasema.

"Ndiyo," akasema Fei Tong. "Nilimwambia Mzee Qiao."

Shen alirudi siku ya kumi na mbili, mchana, joho limejaa vumbi. Wakakusanywa maafisa. Akasoma: mdhamini ameliondoa neno lake, Fei Tong anavuliwa ujemadari, Dou Heng ni jemadari wa Taya tangu saa hii. Hakukuwa na ngoma wala gurudumu. Askari walikuwa wamesimama wanatazama miguu yao. Mtu mmoja nyuma akatema mate.

Fei Tong aligeuka akamtazama Dou Heng. Hakuonekana na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kisha akavua ile deraya ya kuazima, akajikuna makwapa, akasema:

"Basi nisikilize jambo moja, jemadari. Siku saba. Labda sita. Usiguse lango. Wanaondoka wenyewe."

"Najua," akasema Dou Heng. Ilimtoka kabla hajaizuia.

"Unajua?"

Shen alikuwa bado anashikilia waraka. "Haujaisha," akasema. Akasoma kwa sauti ile ile kavu: "Kwa kuwa Dou Heng amesema nguvu ya kutoka ipo na aliyekaa amekaa kwa hofu, Dou Heng atatoka na jeshi ndani ya siku tatu, na mjumbe atabaki ashuhudie."

Chini bondeni mtu wa magharibi alikuwa anaita farasi, sauti inapasuka kwa ukavu wa koo.

Fei Tong aliondoka jioni ile kurudi mjini. Dou Heng alikuwa amepewa siku tatu, na kwa siku mbili alihangaika. Alimwambia Shen kwamba hali imebadilika. Shen akasema, "Bwana mkubwa, haya ni maneno yako mwenyewe, nimeyaandika kama ulivyoyasema. Nikaandike kwamba yalikuwa uongo?" Alifikiri kuukiri uongo. Adhabu ya kumsingizia mdhaminiwa ilikuwa kifo, lakini kifo cha mtu mmoja. Alilifikiri hilo kweli kweli, mpaka alipopita jikoni akasikia askari wanaulizana, "Yule fundi amefika wapi sasa?" na mwingine akajibu, "Angekuwepo, tungekuwa tunakunywa supu ya kobe." Basi. Akaenda kuagiza magari yafungwe.

Asubuhi ya siku ya tatu lango la Taya lilifunguliwa na watu elfu tatu wakatoka. Watu wa magharibi walikuwa wamebaki labda elfu nane, midomo imepasuka, nusu yao hawana farasi. Walipoona lango liko wazi hawakuyatazama magari wala mikuki. Nyuma ya lango lile kulikuwa na bwawa, na harufu ya maji iliwafikia. Walikuja mbio bila safu, bila bendera, wakapita kati ya mishale kana kwamba ni mvua. Askari wa Taya waliokuwa nje hawakuwahi kurudi ndani, na waliokuwa ndani hawakuweza kufunga lango kwa sababu ya miili. Mpaka jua linafika utosini watu wa magharibi walikuwa wamelala kifudifudi kando ya bwawa la Fei Tong, wanakunywa.

Katika wale elfu nne wa Taya walipona mia sita na kitu. Shen alitoroka kwa farasi, akaandika taarifa iliyosifiwa kwa usafi wake, na baadaye akawa mkuu wa wilaya. Mtawala alipoteza wilaya mbili za magharibi, akahamisha makao yake mashariki, akatawala miaka mingine kumi na tisa. Kipito cha Taya kilikaa mikononi mwa watu wa magharibi miaka thelathini na mmoja. Mzee Qiao alitekwa, akawapikia wao. Fei Tong hakuadhibiwa zaidi. Alipelekwa kusini kutengeneza kingo za mto, akafa kwa kifua akiwa na miaka sitini na minane, akaacha mabinti watatu. Dou Heng hakuwa na mdhamini wa kukatwa kichwa kwa ajili yake, kwa hiyo walichukuliwa watu wa nyumba yake. Bibi Ji alifuma nguo za serikali miaka saba, mpaka ulipotoka msamaha, akarudi kwa kaka yake. Dou Heng mwenyewe alichomwa mkuki pajani akachukuliwa mateka. Walimweka kulisha farasi. Alikufa huko kipupwe cha nne.